Eneo la Uso wa Mzunguko: Kwa Nini Silinda Hudanganya

Vitu vingi vilivyotengenezwa kwa mkono wa binadamu vina umbo la mzunguko. Mfinyanzi huzungusha udongo, fundi wa kukereza huzungusha mti, na mjenzi wa nyumba ya msonge huzungushia fito zake nguzo ya katikati. Mtungi, kinu, pawa, sufuria, paa la msonge na tangi la maji: kila kimoja kinaweza kufikiriwa kuwa kimetokana na mstari mmoja uliozungushwa mara moja kamili kandokando ya mhimili. Mstari huo, ukiwa umenyooka au umepinda, utaitwa mpindo katika makala haya. Na uso unaofagiwa na mpindo unapozunguka utaitwa uso wa mzunguko.

Kuhusu vitu hivyo huulizwa maswali mawili. La kwanza ni: kitu hiki kinachukua kiasi gani? Hilo ni swali la ujazo. La pili ni: uso wake una eneo gani? Hilo ndilo swali la mwezekaji anayetaka kujua nyasi au bati zitakazotosha, la mpaka rangi anayepima debe lake, na la fundi anayekata karatasi ya alumini. Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita hulijibu swali la kwanza bila taabu, kisha hutumia njia ileile kwa swali la pili na kupata jibu lisilo sahihi. Kosa hilo halitokani na uvivu. Lina sababu iliyofichika, na mwenye kuielewa sababu hiyo ameielewa kanuni yenyewe.

KOSA LA SILINDA

Chukuliwe paa la nyumba ya msonge lenye umbo la pia. Nusu kipenyo cha kitako chake ni meta 3 na kimo chake ni meta 4. Kwa kanuni ya Pythagoras, urefu wa mshazari kutoka kileleni hadi ukingoni ni meta 5.

Kutafuta ujazo wa pia hii, mwanafunzi huikata vipande vyembamba vya mlalo, huchukulia kila kipande kuwa ni silinda fupi, kisha huvijumlisha. Vipande vikizidi kuwa vyembamba, jumla hukaribia ujazo halisi, yaani 12π, au meta za ujazo 37.7. Njia ni sahihi na jibu ni sahihi.

Sasa afanye vivyo hivyo kwa eneo. Kila silinda fupi yenye nusu kipenyo r na kimo dx ina uso wa pembeni 2πr dx. Ikiwa x ni umbali kutoka kileleni, basi r = 3x/4. Jumla ni:

2π ∫ (3x/4) dx, kutoka x = 0 hadi x = 4, yaani 12π,

au meta za mraba 37.7. Lakini paa hilo linaweza kupimwa bila kalkulasi yoyote. Pia ikipasuliwa kwa mstari mmoja kutoka kileleni hadi ukingoni na kutandazwa chini, huwa kipande cha duara chenye nusu kipenyo cha meta 5 na tao lenye urefu wa 2π × 3. Eneo la kipande cha duara ni nusu ya tao mara nusu kipenyo:

½ × 6π × 5 = 15π,

au meta za mraba 47.1. Mwezekaji aliyefuata hesabu ya silinda atapungukiwa na zaidi ya meta 9 za mraba, yaani sehemu moja kwa tano ya paa lote. Mvua ya kwanza itamjulisha kosa lake.

Huenda mtu akadhani kwamba vipande havikuwa vyembamba vya kutosha. Ajaribu basi vipande kumi, mia au elfu, akichukua nusu kipenyo cha katikati ya kila kipande. Kila mara jumla itakuwa 12π bila kupungua wala kuongezeka. Kosa halipungui hata chembe.

Sababu ni hii. Katika ujazo, tofauti kati ya silinda fupi na kipande halisi ni kijipande kidogo cha ukingoni. Kipande kinapokuwa chembamba, kijipande hicho hupungua kwa kasi kuliko kipande chenyewe, hata kikawa si kitu. Katika eneo, mambo ni mengine. Ukingo wa silinda umesimama wima, lakini ukingo wa paa umelala mshazari. Katika pia yetu, kila kimo cha 4 kina mshazari wa 5. Kata kipande kiwe chembamba kama unywele, bado uwiano utabaki 4 kwa 5. Kosa lililo sehemu moja kwa tano katika kipande kikubwa ni sehemu moja kwa tano pia katika kipande kidogo, na jumla yake haiwezi kutoweka.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kwamba haitoshi vipande viwe vidogo. Yapasa pia kosa la kila kipande liwe dogo likilinganishwa na kipande chenyewe.

KIPANDE KINACHOFAA

Kipande kinachofaa si silinda, ila ni pia iliyokatwa ncha, kama ndoo iliyopanuka juu. Ikiwa nusu kipenyo cha upande mmoja ni r₁, cha upande wa pili ni r₂, na urefu wa mshazari kati yake ni l, eneo la uso wake wa pembeni hupatikana kwa kutoa pia ndogo katika pia kubwa. Pia kubwa ina eneo πr₂L₂ na ndogo ina πr₁L₁. Kwa kuwa pia hizo mbili zina umbo moja, r₁ ni kL₁ na r₂ ni kL₂, ambapo k ni namba ileile. Basi:

πk(L₂² − L₁²) = πk(L₂ + L₁)(L₂ − L₁) = π(r₁ + r₂)l.

Kwa maneno, eneo ni mzingo wa katikati mara urefu wa mshazari. Msomaji akumbuke maneno hayo, kwani kanuni yote imo humo.

Sasa mpindo wowote y = f(x) ugawanywe katika vipande vidogo, na kila kipande kichukuliwe kuwa kimenyooka. Kipande kinachokwenda dx kwa mlalo na dy kwa wima kina urefu ds, ambao kwa kanuni ya Pythagoras ni:

ds = √(dx² + dy²) = √(1 + (dy/dx)²) dx.

Kikizungushwa kandokando ya mhimili wa x, hufagia pia iliyokatwa ncha yenye mzingo wa katikati unaokaribia 2πy na mshazari ds. Jumla ya vipande vyote kutoka x = a hadi x = b ni:

S = 2π ∫ y √(1 + (dy/dx)²) dx.

Hiyo ndiyo kanuni ya eneo la uso wa mzunguko. Kipeuo cha pili kilichomo si pambo. Ni kile kile kilichokosekana katika hesabu ya silinda. Mahali mpindo ulipo sambamba na mhimili, dy/dx ni sifuri na kipeuo ni 1. Hapo silinda inasema kweli. Mahali popote penye mwinamo, kipeuo huzidi 1, nayo silinda hupunja. Katika paa letu dy/dx ni 3/4, kipeuo ni 5/4, na 12π × 5/4 ni 15π, kama ilivyopasa.

TUFE LA ARCHIMEDES

Kanuni ikitumiwa kwa tufe huleta jambo la ajabu. Mpindo ni nusu duara, y = √(R² − x²). Mwinamo wake ni dy/dx = −x/y, kwa hiyo:

1 + x²/y² = (y² + x²)/y² = R²/y².

Kipeuo chake ni R/y. Kikizidishwa kwa y, y hujifuta, na kinachobaki ni R tu. Basi ukanda wowote wa tufe uliokatwa kwa bapa mbili sambamba zenye umbali h kati yake una eneo:

S = 2πRh.

Msomaji atazame vizuri: eneo la ukanda halitegemei mahali ulipokatwa. Karibu na ncha mzingo ni mdogo lakini mshazari ni mrefu. Katikati mzingo ni mkubwa lakini mshazari ni mfupi. Na viwili hivyo hufidiana barabara. Tufe zima lina h = 2R, hivyo eneo lake ni 4πR², sawasawa na uso wa pembeni wa silinda inayolikumbatia.

Ukweli huu uligunduliwa na Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, takriban miaka elfu mbili kabla ya Newton na Leibniz kuiweka kalkulasi katika umbo lake la kawaida. Alithibitisha kwamba tufe ni theluthi mbili ya silinda inayolikumbatia, kwa ujazo na kwa uso pia, vifuniko viwili vya silinda vikihesabiwa. Aliuthamini ugunduzi huo hata kaburi lake likawekwa sanamu ya tufe na silinda. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero, alipokuwa ofisa katika kisiwa cha Sicily, alilitambua kaburi hilo katikati ya vichaka kwa alama hiyo.

Kanuni ya ukanda inatuhusu sisi tunaoishi karibu na Ikweta. Ukanda wa tropiki uko kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23.4 kila upande wa Ikweta. Kwa kuwa kimo cha ukanda ni 2R sin 23.4°, sehemu yake katika uso wote wa dunia ni sin 23.4°, yaani karibu 0.40. Uso wa dunia wenye nusu kipenyo cha kilometa 6,371 una kilometa za mraba zipatazo milioni 510. Basi tropiki peke yake ina zaidi ya milioni 200. Aidha, kwa kuwa sin 30° ni nusu, nusu kamili ya uso wa dunia iko kati ya nyuzi 30 kaskazini na nyuzi 30 kusini. Maeneo yaliyo juu ya nyuzi 60, kaskazini na kusini yakijumlishwa, ni asilimia 13 tu. Ramani za ukutani zilizochorwa kwa mtindo wa Mercator huyatanua mno maeneo ya ncha na kuifanya Afrika ionekane ndogo kuliko ilivyo. Mwanafunzi mwenye kanuni ya Archimedes hawezi kudanganywa na ramani.

BAKULI KUBWA NA JIKO LA JUA

Kanuni hiyohiyo inapima vyombo vikubwa vya sayansi. Darubini ya redio ya Arecibo, katika kisiwa cha Puerto Rico, ilianza kazi mwaka 1963 na kuharibika tarehe 1 Desemba 2020 mitambo iliyoning'inia juu yake ilipoanguka. Bakuli lake lilikuwa kipande cha tufe lenye nusu kipenyo cha meta 265, na mdomo wake ulikuwa na kipenyo cha meta 305. Kina chake kilikuwa:

h = 265 − √(265² − 152.5²), yaani karibu meta 48.3.

Basi eneo la uso lilikuwa 2π × 265 × 48.3, karibu meta za mraba 80,400. Mdomo wake, ukihesabiwa kama duara bapa, ulikuwa na meta za mraba 73,060. Tofauti ni zaidi ya meta 7,000 za mraba, ambazo zatosha uwanja mzima wa mpira wa miguu. Uso huo ulifunikwa kwa vipande 38,778 vya alumini; kwa hiyo kila kipande kilifunika, kwa wastani, kidogo zaidi ya meta 2 za mraba.

Mfano wa pili ni mdogo, na waweza kujengwa shuleni. Jiko la jua hutengenezwa kwa bakuli lenye umbo la parabola iliyozungushwa, kwa sababu umbo hilo huikusanya miale yote ya jua sambamba na mhimili katika nukta moja. Liwe na kipenyo cha meta 2 na kina cha nusu meta. Mpindo wake ni y = x²/2, na nukta ya miale iko nusu meta juu ya kitako, sawa na usawa wa mdomo; hapo ndipo sufuria huwekwa.

Safari hii mpindo huzunguka mhimili wa y, kwa hiyo nusu kipenyo cha kila pete ni x. Mwinamo dy/dx ni x. Basi:

S = 2π ∫ x √(1 + x²) dx, kutoka 0 hadi 1.

Ukiweka u = 1 + x², du ni 2x dx, na hesabu inakuwa π ∫ √u du kutoka 1 hadi 2, yaani (2π/3)(2√2 − 1). Jibu ni meta za mraba 3.83.

Njia ya silinda ingempa fundi 2π ∫ x dy, na kwa kuwa dy = x dx, angepata 2π/3, yaani meta za mraba 2.09. Hapa kosa linajitangaza lenyewe: mdomo wa bakuli peke yake una meta za mraba 3.14, na hakuna bakuli ambalo uso wake ni mdogo kuliko mdomo wake. Mwanafunzi ajizoeze kuuliza swali la namna hii kila apatapo jibu.

Hata hivyo asichanganye mambo mawili. Alumini inayohitajika ni meta za mraba 3.83, lakini jua linalonaswa ni lile linalopita mdomoni, katika meta za mraba 3.14. Kulichimba bakuli zaidi bila kuupanua mdomo ni kuongeza gharama pasipo kuongeza jua.

TARUMBETA YA TORRICELLI

Katika miaka ya 1640, Mwitalia Evangelista Torricelli, yule aliyevumbua kipimahewa cha zebaki, alionyesha umbo lililowashangaza wataalamu wa zama zake. Mpindo y = 1/x, kuanzia x = 1 na kuendelea bila mwisho, ukizungushwa kandokando ya mhimili wa x, hufanya mfano wa tarumbeta ndefu isiyo na kikomo. Ujazo wake ni:

π ∫ (1/x²) dx = π(1 − 1/b),

ambao b ikikua hukaribia π na hauupiti. Lakini katika eneo, kipeuo √(1 + 1/x⁴) huzidi 1 daima, kwa hiyo S huzidi 2π ∫ (1/x) dx, yaani 2π ln b. Na ln b hukua bila kikomo. Tarumbeta inajazwa kwa rangi yenye ujazo wa π, lakini, yaonekana, hakuna rangi itoshayo kuupaka uso wake!

Kitendawili hiki kina jawabu. Mpaka rangi hudhani kwamba rangi ina unene ule ule kila mahali. Na eneo lisilo na kikomo likipakwa kwa unene ule ule hudai rangi isiyo na kikomo. Ndani ya tarumbeta, unene wa rangi hauwezi kuzidi nusu kipenyo, nacho hupungua kuelekea sifuri. Eneo na ujazo ni vipimo vya namna mbili. Kimoja hakiwezi kuamuliwa kwa kutazama kingine.

KUPIMA MTUNGI DARASANI

Mipindo mingi ya kweli haina mlinganyo, na hata iliyo na mlinganyo mara nyingi hutoa intigrali isiyofumbulika kwa njia za kawaida. Kanuni haipotezi thamani kwa sababu hiyo. Kwa kuwa 2πy ndio mzingo, S ni jumla ya mzingo mara ds, nayo yaweza kupimwa kwa uzi na rula.

Mwalimu achukue mtungi wa maji wenye kitako cha mviringo. Kuanzia nukta ya chini kabisa, wanafunzi waweke alama kila sentimeta 8 wakifuata ubavu wa mtungi wenyewe, wala si kimo chake cha wima. Katika kila alama wazungushe uzi na kupima mzingo. Tuseme wamepata, kwa sentimeta: 0, 40, 70, 90, 95, 85, 60 na 40. Kwa kanuni ya trapeza, vipimo vya mwanzo na mwisho huhesabiwa nusu:

8 × (0 + 40 + 70 + 90 + 95 + 85 + 60 + 20) = 3,680.

Uso wa mtungi una sentimeta za mraba zipatazo 3,680. Kipimo hiki kina maana, kwa kuwa mtungi wa udongo huyapoza maji kwa mvuke unaotoka usoni mwake: maji hupenya vitundu vya udongo, hukauka nje, na huchukua joto la mtungi. Wanafunzi wanaopima kwa kimo cha wima badala ya kufuata ubavu watapata jibu pungufu, na hapo watakuwa wameliona kosa la silinda kwa macho yao wenyewe.

MAZOEZI

1. Mstari y = rx/h, kutoka x = 0 hadi x = h, unazungushwa kandokando ya mhimili wa x. Onyesha kwa intigrali kwamba eneo la uso wa pia ni πr√(r² + h²).

2. Tafuta eneo la uso wa dunia lililoko kati ya Ikweta na nyuzi 12 kusini.

3. Mpindo y = x³, kutoka x = 0 hadi x = 1, unazungushwa kandokando ya mhimili wa x. Tafuta eneo la uso.

4. Pappus wa Alexandria alieleza kwamba eneo la uso wa mzunguko ni urefu wa mpindo mara njia inayopitiwa na kitovu chake. Tumia kanuni hiyo kupata eneo la mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ikiwa nusu kipenyo cha mpira uliojaa upepo ni sentimeta 2, na umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi katikati ya mpira ni sentimeta 32.

Majibu: (2) karibu kilometa za mraba milioni 53. (3) (π/27)(10√10 − 1), yaani karibu 3.56. (4) 2π × 2 × 2π × 32, yaani karibu sentimeta za mraba 2,527.